Mnaolalamika mnapewa kazi ya nyumbani kliniki, someni habari za Aaron Beck

Siku ya Afya ya Akili Duniani, 10 Oktoba, inakaribia na malalamiko kitengoni kwetu yanafanana, eti mtaalamu haniambii cha kufanya, ananiuliza maswali tu halafu ananituma nikaandike mawazo kwenye daftari. Jamani, hiyo ndo tiba yenyewe.

Beck, aliyeanzisha tiba hii ya kuchunguza mawazo, alikuwa daktari wa akili Philadelphia, Marekani. Utotoni alivunjika mkono, jeraha likaingia maambukizi nusura afe, akarudia darasa la kwanza akaamini kabisa yeye ni mjinga. Alisomea njia ya Freud, ya kutafuta chanzo cha ugonjwa kwenye hisia zilizofichika akilini, na alipoanza utafiti Chuo Kikuu cha Pennsylvania alitaka kuthibitisha kwamba mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ana hasira aliyojigeuzia mwenyewe, akachambua ndoto za wagonjwa, hasira hakuikuta, akakuta kupoteza, kushindwa, kukataliwa. Akakubali matokeo akabadili njia, na hapo ndo namheshimu sana. Akawa anawauliza wagonjwa, sasa hivi nini kimekupita kichwani? Wakamtajia mawazo ya haraka haraka, sifai, nitashindwa tu, kisha wanayapima pamoja, ushahidi uko wapi? Mawazo hayo yanakujia kazini au usiku kitandani, hayasubiri siku ya miadi, ndo maana mnapewa daftari. Mwaka 1977 yeye na wenzake walilinganisha tiba hii na dawa ya sonona iitwayo imipramine kwa wiki 12, waliopata tiba ya mazungumzo wakapata nafuu zaidi.

Sasa lile dodoso lake la sonona la 1961. Lina maswali 21, kila moja alama 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa 63. Watu wanalijaza kwenye simu wanakuja, nimepata 31 niandikie dawa. Hapana! Linapima uzito wa dalili, halitaji ugonjwa, maana hata upungufu wa damu au tezi ya shingo isiyofanya kazi vya kutosha inachosha vilevile, kwa hiyo utahojiwa kwanza na ukihitaji vipimo utapimwa.

Swali la 9 linahusu kujiua na wengi wanaweka sifuri kwa kuogopa polisi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahusu kujaribu kujiua, kuwa na wazo si kosa. Ukijibu kweli tunasimamisha mengine yote, mtaalamu anakaa na wewe faragha siku hiyohiyo, mnapanga nani wa kukaa karibu na wewe na vitu gani viondolewe nyumbani, na huondoki bila tarehe ya kurudi.