Samaki wa tangi akizubaa, si lazima awe kazeeka

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu yetu ya Mtwara: samaki wa tangi la kioo haishi zaidi ya miezi sita, kwa hiyo akizubaa na kugoma kula, huo ni uzee, mwache tu. Si kweli.

Samaki wa dhahabu akitunzwa vizuri hufikisha miaka 10 na zaidi. Gapi, yule mdogo mwenye mkia wa rangi, huishi kama miaka 2. Uzee huja polepole, kwa miezi: rangi inafifia, mwendo unapungua, ila chakula bado anakifuata. Ugonjwa mara nyingi huja kwa siku chache. Sogeza uso kwenye kioo uangalie: vidoa vyeupe kama punje za chumvi, mapezi yamebana mwilini, magamba yamesimama, au anahema juu ya maji. Wakihema watatu kwa pamoja, shaka ianzie kwenye maji. Hawazeeki wote siku moja. Maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo, na joto letu la Novemba mnalijua.

Kinachochanganya watu ni bakuli dogo lisilo na chujio. Kinyesi hutoa amonia, sumu kwa samaki, nayo haionekani, maji yanabaki maangavu kabisa. Samaki anakufa, tunasema umri. Kipimo cha amonia kitakuonyesha. Huna? Badilisha robo ya maji kwa yaliyolala ndooni, kisha mtazame.

Ujumbe ule ukikufikia tena, uishie kwako. Aliyeutuma mwulize kwanza: samaki wako ana vidoa?