Si kweli kwamba njiti wa miezi saba ana nguvu kuliko wa minane

"Wa miezi saba hupona, wa minane hafiki mbali." Ujumbe huu hauishi kwenye magrupu ya WhatsApp. Mimi niliupokea mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikiuma kweli, mwanangu wa wiki 34 amelazwa chumba cha watoto njiti na mpira mwembamba wa oksijeni puani. Aliyenitumia ni shangazi, kwa nia njema kabisa.

Ukweli ni kinyume chake. Kila wiki tumboni huongeza ukomavu wa mapafu, mafuta chini ya ngozi yanayotunza joto, na uwezo wa kunyonya huku anapumua. Kwa kawaida wa wiki 34, yaani karibu miezi minane, ana nafasi kubwa ya kupona kuliko wa wiki 30, karibu miezi saba. Muulize muuguzi yeyote wa wodi hiyo.

Mkanganyiko huanzia kwenye hesabu. Kliniki huhesabu wiki tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Nyumbani wengi huhesabu tangu walipojua wana mimba. Chukua kadi ya kliniki uhesabu: huyo "wa miezi saba" huenda ni wa minane. Halafu aliyepona husimuliwa mpaka ukubwani. Aliyefariki hatajwi.

Mzazi akiuamini ujumbe huo, anaweza hata kukata tamaa ya kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na njiti anahitaji joto hilo sana.

Ukiupokea, usiusambaze. Kuna mama anausoma saa nane usiku wodini, anakamua maziwa kwenye kikombe.