Afya ya udongo na rutuba si kitu kimoja

Mkulima akisema shamba "limechoka", kwa kawaida anamaanisha mavuno yamepungua. Anatia mbolea, mazao yanainuka msimu mmoja au miwili, kisha mambo yanarudi palepale. Aliongeza rutuba, afya hakuigusa.

Rutuba ni akiba ya virutubisho: naitrojeni, fosforasi, potasiamu na vinginevyo. Afya ya udongo ni pana zaidi. Ni uwezo wa udongo kunywa mvua na kuitunza, kupitisha hewa, kuachia mizizi njia, na kulisha viumbe vinavyoozesha masalia hadi yakawa chakula cha mmea. Shamba linaweza kusifiwa na maabara kwa virutubisho, na bado mvua ikateleza juu yake kama juu ya sakafu.

Udongo wa juu ulio mzima, karibu nusu ya ujazo wake si udongo hata kidogo, ni vinafasi vya maji na hewa. Mboji, yaani masalia yaliyooza ndani ya udongo, mara nyingi haifiki asilimia 5. Lakini hiyo kidogo, ikisaidiwa na ute wa bakteria na nyuzi za kuvu, ndiyo gundi inayoshikanisha chembe ziwe vibonge na kuacha vinafasi hivyo wazi.

Unaweza kuiona gundi hiyo kwa macho. Chukua bonge kavu la shambani, na jingine kutoka kando ya shamba hilohilo, mahali ambapo jembe halijapita kwa miaka. Yaweke taratibu kwenye glasi mbili za maji. Lenye mboji hukaa. Lililochoka humeguka ndani ya dakika chache na maji kuwa tope. (Udongo wa kichanga usiupime hivi, huo haushikani tangu mwanzo.)

Ndiyo maana nashauri mkulima aanze na tatizo lake, si na orodha ya mbinu. Maji yanatuama au yanakimbia? Chimba uone kama kuna tabaka gumu chini ya kina cha jembe; likiwepo, lipasue, kisha punguza kulima ili lisijijenge tena. Jua linaunguza ardhi tupu? Matandazo, yaani nyasi au mabua ya kuifunika. Udongo una tindikali kali, pH (kipimo cha tindikali) chini ya 5.5? Hapo alumini huyeyuka na kudumaza mizizi, fosforasi nayo hufungwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya mbolea utakayomwaga itapotea bure mpaka utie chokaa. Kipimo kwanza, maana chokaa ikizidi nayo huharibu.

Mikunde, yaani maharage, kunde na jamii yao, inastahili sifa zake za kurutubisha udongo, ila ikaguliwe. Ng'oa mche kwa uangalifu, pasua vinundu vya mizizini. Vyenye rangi ya waridi au wekundu ndani vinanasa naitrojeni ya hewani. Vyeupe au vya kijani havifanyi kazi.

Masalia ya mazao ndiyo yenye mvutano. Mabua yana kaboni nyingi na naitrojeni haba, kwa hiyo ukiyafukia karibu na kupanda, bakteria wanaoyaozesha hunyang'anya naitrojeni ya udongoni na miche hugeuka njano. Yafukie mapema, au yaache juu kama matandazo. Na mwenye mifugo atauliza, kwa haki kabisa, ng'ombe wale nini. Jibu la kawaida ni kugawana: sehemu ibaki shambani, nyingine iende zizini na irudi ikiwa samadi. Kupanda bila kulima ardhi nako kuna bei yake, hasa magugu katika misimu ya mwanzo.

Kuhusu muda: matandazo huonyesha tofauti msimu uleule, kwa unyevu. Nyungunyungu hurudi baadaye kidogo. Mboji ndiyo huchelewa kuliko vyote, kwa hiyo ukiipima maabara, pima baada ya miaka kadhaa, sehemu ileile, kina kilekile na majira yaleyale, la sivyo utakuwa unalinganisha mashamba mawili tofauti.