Mikorosho ya pembezoni si bustani ya mji

Mtwara husemwa sana kwamba mji wenye mikorosho, minazi na ufukwe hauna haja ya kutenga maeneo ya wazi. Si kweli. Shamba la korosho lina mwenyewe. Mtoto wa kata ya Chikongola, mjini humo, hawezi kwenda kuchezea mpira humo kila jioni. Tena mji unapotanuka, mashamba hayo ndiyo ya kwanza kukatwa viwanja.

Kinachohesabiwa ni kama mtu anafika kwa miguu. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani inapendekeza eneo la kijani la umma la angalau nusu hekta hadi hekta 1, ndani ya mita 300 kutoka nyumbani, mwendo wa dakika tano hivi. Ufukwe wa Shangani ni mzuri mno, lakini kwa mkazi wa kata ya Mitengo ni safari ya nauli.

Kwa hiyo eneo litengwe kwenye ramani ya upimaji kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa. Baadaye kulipata maana yake ni kulipa fidia na kubomoa nyumba za watu, na halmashauri chache zina fedha hizo. Mwembe uliokwishakomaa uachwe hapo hapo. Kivuli chake kimechukua miaka mingi.