Umeziba maiki bure

Jana nimekaa dakika 40 nikichokora supa gluu kwenye tundu la maiki. Simu ya mteja, mtu mzima na akili zake, kaiziba mwenyewe kwake nyumbani na sasa anashangaa mbona akipiga simu watu wanasema haloo haloo halafu wanakata. Kisa? Ati apu ya muziki inasikiliza stori zake. Na si wa kwanza, hapa Luthuli, Nairobi, ninakotengeneza simu, nimeletewa simu zina plasta, zina selotepu, moja hata rangi ya kucha, na wote wimbo wao ni ule ule, "niliongea kuhusu msanii fulani jioni, asubuhi nikaletewa." Nimechoka kueleza mmoja mmoja na foleni iko kwa kaunta so naandika mara moja.

Kuna mama wa soko la Gikomba, mteja wangu wa siku nyingi. Akaniambia, "Kijana wangu, nilikuwa tu naongelea Franco na dada yangu, hatujacheza wimbo wake hata mmoja, kesho yake huyo hapo." Nikamwomba simu niangalie. Jumapili nzima alikuwa amecheza Madilu System, nyimbo zimeenda hadi mwisho, mbili kazipiga laiki. Sasa Madilu si aliimba kwa bendi ya rumba ya Franco? Mama, mtu anasikiza Madilu kutoka asubuhi hadi jioni, hata konda wa matatu angejua wa kumwekea anayefuata ni nani! Na hizo stori za Franco zilitoka wapi, si rumba ndio ilikuwa inalia kwa nyumba dada akiwa amekaa hapo. Halafu hiyo wiki aliletewa nyimbo zingine kibao ambazo hakuongelea na mtu, hizo hakumbuki hata moja, amekumbuka ile moja imegongana na stori.

Hii kitu inafanya kazi hivi. Kila ukicheza wimbo inaandikwa wimbo gani, saa ngapi, umesikiza sekunde ngapi, umeruka au umerudia. Halafu unalinganishwa na mamilioni ya watu wengine, wale mnafanana nao wamependa nini wewe hujasikia bado, unaletewa hiyo. Basi. Haihitaji kukusikia ukiongea, kidole chako kimeshasema yote. Na si mambo ya juzi. Mwaka 2002 mwanafunzi wa Southampton kule Uingereza, Richard Jones, alitengeneza Audioscrobbler, iliyokuja kuungana na Last.fm, tovuti ya muziki, kazi yake ilikuwa kuandika tu nyimbo unazocheza kwa kompyuta, na watu wakaanza kupendekezewa nyimbo vizuri kabisa. Kompyuta nyingi za wakati huo hata maiki hazikuwa zimechomekwa.

Ama piga hesabu ya bando, nyinyi ndio hulalamika bando inaisha. Sauti hata ikifinywa hadi kilobiti 24 kwa sekunde, saa moja ni karibu MB 11, ukikaa macho masaa 16 hiyo imepita MB 170 kwa siku, kila siku, na wewe unanunua ya shilingi 20. Ungejua. Wajuaji watasema inachuja maneno ndani ya simu kabla ya kutuma, sawa, lakini maiki ikiwaka kwa Android 12 kwenda juu kuna alama ya kijani hapo juu ya skrini, kwa iPhone kuanzia iOS 14 ni ya machungwa. Angalia hiyo kabla ukimbilie gluu. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha Northeastern huko Marekani walipima apu zaidi ya 17,000 za Android, hawakupata hata moja inarekodi sauti kisiri. Walichopata ni apu zingine zinarekodi skrini na kutuma, na hiyo hakuna mtu amewahi kuniletea simu akilia.

Nikubali pia Spotify, wenye moja ya hizo apu za muziki, wenyewe walimwaga petroli kwa huu uvumi. Januari 2021 walipewa hataza (patent, haki ya kumiliki uvumbuzi) ya kutambua hisia za mtu kutoka kwa sauti yake ndio apendekezewe nyimbo, watu wakapiga kelele, kampuni ikajibu kwamba haijawahi kuitumia na haina mpango huo.

Zingine haraka haraka. "Nikisikiza bila intaneti hawajui." Wanajua, simu inaweka rekodi, ukiwasha data inatumwa. "Nimeweka sesheni ya faragha." Hiyo inakuficha kwa marafiki zako, kampuni inaendelea kuandika kama kawaida. "Nilifuta apu." Umefuta ikoni bana, akaunti iko kwa seva vile uliiacha. "Hawana jina langu." Netflix, wale wa filamu, walitoa data ya alama wateja wanazopa filamu, bila majina, 2006, watafiti wawili wa chuo cha Texas wakailinganisha na maoni ya watu kwa IMDb, tovuti ya filamu, wakawatambua baadhi yao. Na ile ya "ni nyimbo tu, sina cha kuficha", haya, nionyeshe unasikiza nini saa tisa usiku tangu muachane.

Kama faragha inakuuma kweli, omba data yako. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuiona na kuomba ifutwe, ukizungushwa kuna Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kwa Spotify ingia setingi za faragha kwa tovuti yao, chagua historia ndefu, inaweza kuchukua hadi siku 30. Ndani utapata kila wimbo, milisekunde ulizosikiza, anwani ya IP (namba ya intaneti uliyotumia), na iko na sehemu imeandikwa kama ulikuwa bila intaneti na kama ulikuwa kwa ile faragha yako. Saa ni za UTC, saa ya kimataifa, ongeza 3 upate yetu.

Mama wa Gikomba aliomba yake, tukafungua hapa kaunta. Kila Ijumaa saa 23:00, yaani saa nane usiku yetu, gengetone, ule muziki wa vijana, mfululizo. Akaunti ni yake lakini kijana wake wa kidato cha tatu ana nenosiri. Akaomba simu yangu ampigie hapo hapo.