Kohozi halitolewi na koo

Mzee aliketi, akakunja kitambaa mkononi, akaanza: koh-koh-koh-koh, mfululizo, mpaka mishipa ya shingo ikatutumka na machozi yakamtoka. Alipotulia alikifunua kitambaa. Kitupu.

"Unaona, daktari? Limeganda."

Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, ila ubishi huo niliuacha zamani.

Miaka mingi nyuma aliugua kifua kikuu, akamaliza dawa na kupona. Safari hii alishapimwa tena makohozi, hayakuwa na TB. Kilichobaki ni makovu, na baadhi ya mirija ya mapafu imetanuka na kulegea. Hali hiyo huitwa bronkiektasia. Ute hutuama humo kama maji ya mtaro ulioziba.

"Mzee wangu, kabla hujakohoa unavuta hewa kiasi gani?"

Akanitazama kama niliyemwuliza bei ya mbaazi. Alikuwa havuti kabisa.

Kwa kawaida ute hupanda wenyewe. Ndani ya mirija kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho, silia, vinavyopiga kasia mara 10 au zaidi kwa sekunde, vyote kuelekea kooni. Ute husogea milimita chache kwa dakika, ukifika juu unaumeza bila habari. Moshi wa sigara huzilemaza silia, ndiyo maana wavutaji wengi huamka na kikohozi. Silia zikielemewa, kazi inabaki kwa kikohozi.

Na kikohozi huanza kwa kuvuta pumzi. Mapafu yakishajaa, koromeo hujifunga kwa takriban moja ya tano ya sekunde huku misuli ya tumbo na mbavu ikibana. Shinikizo linapanda, koromeo linafunguka ghafla, hewa inachomoka. Kwa mtu mzima mwenye afya mkupuo huo kwa kawaida huzidi kasi ya lita 360 kwa dakika. Ukishuka chini ya 160, kohozi halisogei. Papo hapo mirija mikubwa nayo hubanwa ikawa myembamba, kama unavyobana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba, na hewa inayopita hapo kwa kasi ndiyo inayolibandua kohozi ukutani.

Kwa hiyo kinachotoa kohozi ni hewa iliyo nyuma yake. Mzee alipokohoa mfululizo, kila mpigo ulikuta hewa imepungua kuliko uliotangulia. Isitoshe, mirija iliyolegea ikibanwa kwa nguvu hujifunga, kohozi likafungiwa upande wa ndani. Kadiri alivyojikakamua ndivyo alivyolizuia.

Tatizo jingine: kikohozi husafisha vizuri mirija mikubwa tu. Ute wa chini lazima uletwe juu kwanza. Nilimkalisha wima, mabega yashuke, apumue taratibu. Kisha pumzi ndefu 3 au 4, kila moja aishikilie sekunde 3 hivi, hewa ipate kupenya vichochoro na kufika nyuma ya ute. Halafu avute pumzi ya wastani, aitoe mdomo wazi: haaa! Kama mtu anayetia mvuke kwenye miwani aifute, ila kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu. Koo halifungwi hapo. Arudie kupumua taratibu kabla ya mzunguko mwingine. Kukohoa kungoje mpaka asikie mkoromo karibu na koo, na hapo mara 1 au 2 zinatosha.

Mzunguko wa tatu tukausikia mkoromo sote wawili. Akakohoa mara moja. Akakitazama kitambaa kama mvuvi aliyenasa changu.

Watu wengi wenye kifua cha majimaji hukimbilia dawa ya kukata kikohozi. Sipendi, unazima pampu nyumba ikiwa imejaa maji. Ila kikohozi cha wiki 2 au zaidi kipimwe TB kabla ya mazoezi yoyote, na ukiona damu nenda hospitali siku hiyo hiyo.

"Nifanye mara ngapi, mwanangu?" Udaktari ulikuwa umeshaisha.

"Asubuhi na jioni, mzee, ila si mara baada ya kula. Na badala ya hicho kitambaa tutafute kopo lenye mfuniko."

"Kitambaa hiki ni cha mama watoto," akasema, akakitia mfukoni.