Je, wajua kwa nini soka la wachezaji wa muda lilipata tabu kurudi wakati wa korona?

Agosti 1, 2020 Ligi Kuu ya Uskoti ilianza tena kupigwa, baada ya viwanja kukaa kimya tangu Machi 13. Madaraja matatu ya chini yalisubiri hadi katikati ya Oktoba. Januari 11, 2021 League One na League Two, yaani daraja la tatu na la nne, zikasimamishwa tena pamoja na ligi zote zilizo chini yake, na hazikurudi hadi Machi. Mpira ni uleule, sheria 17 za mchezo ni zilezile, na virusi ni vilevile. Kilichotofautiana ni namna mchezaji anavyopata riziki yake.

Klabu nyingi za madaraja hayo ni za wachezaji wa muda. Mchezaji ana mkataba na analipwa na klabu, lakini pesa inayoendesha nyumba yake inatoka kwingine. Ni mwalimu, fundi bomba, msambaza barua, mfanyakazi wa ghala au muuguzi. Anafanya mazoezi jioni mbili kwa wiki, mara nyingi Jumanne na Alhamisi, na Jumamosi anacheza. Kanuni karibu zote za kurudisha soka zilitungwa kwa kumfikiria mchezaji mwenye kazi moja, na hapo ndipo matatizo mengine yote yalipoanzia.

Tuanze na kinga ya kujifungia, yaani kundi la timu kutochanganyika na watu wa nje. Klabu kubwa iliweza kuwaambia wachezaji wake waende uwanja wa mazoezi, warudi nyumbani, basi. Ikimpima kila mtu mara kwa mara, ina uhakika wa kutosha kwamba kundi lake ni salama. Klabu ya wachezaji wa muda haina uwezo huo. Wachezaji 20 wanatoka sehemu 20 za kazi, na kila sehemu ina watu wake na hatari yake. Mwalimu ametoka darasani, fundi ameingia nyumba tatu siku hiyo, muuguzi ametoka wodini. Saa moja jioni wote wanakutana uwanjani. Kocha anaweza kusimamia kila kinachotokea ndani ya uzio na bado asijue lolote kuhusu yale masaa manane ya mchana.

Wengi walidhani hatari kubwa ilikuwa katika kukabana uwanjani. Lakini angalia jinsi mtu aliyekaribiana na mgonjwa alivyohesabiwa Uingereza wakati huo: kuwa ndani ya mita 2 kwa dakika 15 au zaidi, kukaa ana kwa ana kwa karibu sana, au kusafiri naye katika gari dogo. Ndani ya dakika 90 wachezaji wawili hukaribiana kwa sekunde chache chache. Beki na mshambuliaji wanaobanana kwenye kona huachana mara mpira unapoondolewa. Kufikisha dakika 15 uwanjani ni vigumu. Kwenye gari ni rahisi mno.

Na gari ndilo uti wa mgongo wa soka la aina hii. Vijana wanne wanaoishi mji mmoja huchangia petroli, mmoja anawapitia wenzake wakitoka kazini, wanaendesha dakika 40 hadi mazoezini. Dereva akionekana kuwa na maambukizi Ijumaa, wenzake watatu wanaingia karantini hata kama vipimo vyao ni safi. Hadi Desemba 2020 karantini hiyo ilikuwa siku 14, kisha ikapunguzwa kuwa 10. Safari moja ya kwenda mazoezini ingeweza kuondoa robo ya kikosi kwa Jumamosi mbili. Ndiyo maana agizo lenye faida kubwa kuliko dawa zote za kunyunyizia mipira lilikuwa hili: kila mtu aje na gari lake, na asiye na gari apangiwe mwenzake mmoja tu ambaye habadiliki, akae kiti cha nyuma upande wa pili, barakoa usoni na vioo vikiwa wazi. Ni agizo la gharama, kwa sababu petroli iliyokuwa ikigawanywa na wanne sasa ililipwa na mmoja, na kwa wengine posho ya wiki ilikuwa imeizidi petroli hiyo kidogo tu.

Makipa walikuwa na shida yao. Timu ya daraja la chini huwa na makipa wawili, na kocha wao huwanoa wakiwa pamoja, mbali na wengine. Wakikaa karibu kwa nusu saa, mmoja akiugua wote wawili wanaondoka. Dawa yake ni kuwatenganisha: mmoja anafanya kazi na kocha wa makipa, mwingine yuko langoni kwenye mazoezi ya kundi, kisha wanabadilishana bila kukutana. Klabu zilizopuuza jambo hili dogo zilijiweka katika hatari ya kumvisha glovu mchezaji ambaye si kipa, au kuazima kipa kwa dharura saa chache kabla ya mechi.

Ukubwa wa kikosi uliongeza uzito. UEFA iliweka kipimo kwa mashindano yake msimu wa 2020/21: timu yenye wachezaji 13 walio fiti, mmoja wao kipa, lazima icheze. Kwa klabu yenye wachezaji 30 na vijana wa akademi, kufika 13 si kazi. Kwa klabu yenye 18, ambapo wawili ni majeruhi na mmoja hakuruhusiwa kutoka zamu, kupoteza wawili au watatu wengine kunaiweka ukingoni. Hata ile ruhusa ya kubadilisha wachezaji watano, iliyotolewa na IFAB, chombo kinachotunga sheria za soka, Mei 8, 2020, ilimsaidia zaidi mwenye benchi lililojaa.

Vyumba vya kubadilishia nguo navyo vilikuwa mtihani. Viwanja vingi vya chini ni vya zamani, chumba kina madirisha madogo ya juu na benchi zinazogusana. Wachezaji 18 hawakai humo kwa umbali wa mita 2. Utaratibu uliofaa ulikuwa kuja umeshavaa jezi, mazungumzo ya kocha kufanyika nje au jukwaani, kila mtu na chupa yake yenye jina, vizibao vya mazoezi kutobadilishwa mikono, na baada ya mechi kuondoka bila kuoga. Ukitoka jasho kwenye baridi ya Januari huko Uskoti na unakabiliwa na saa tatu za safari, kutooga si jambo dogo. Watu walivumilia, na wanastahili heshima kwa hilo.

Basi la timu pia lilikuwa hesabu ngumu. Basi la viti 49 likipangwa kwa nafasi linabeba watu ishirini na kitu, na basi dogo la viti 16 halifai kabisa. Kwa hiyo safari moja ilihitaji mabasi mawili au msafara wa magari binafsi. Msimu wa 2020/21 Elgin City, iliyo kaskazini, na Stranraer, iliyo pembe ya kusini-magharibi, zilikuwa zote League Two. Kati yao kuna zaidi ya kilomita 400 za barabara kwa upande mmoja.

Halafu kuna vipimo. Ligi nyingi za juu zilirudi kwa sababu zilipima. Daraja la pili la Uskoti, Championship, liliruhusiwa kuendelea Januari 2021 kwa sharti la kupima kila wiki, na ndani yake zilikuwamo timu za wachezaji wa muda kama Arbroath na Alloa Athletic. League One na League Two nazo ziliporudi Machi zilirudi na kipimo cha kila wiki cha PCR, yaani kile cha maabara kinachosaka chembe za virusi. Ukichukua watu 30 kwa klabu, pamoja na benchi la ufundi na mtunza vifaa, wiki kumi tu ni vipimo 300.

Bei si ugumu pekee. Klabu ya wachezaji wa muda inawaona watu wake Alhamisi jioni. Sampuli ikichukuliwa hapo inasafirishwa usiku hadi maabara, mashine inahitaji saa kadhaa, na majibu yanatarajiwa Ijumaa. Gari la sampuli likichelewa, Jumamosi asubuhi basi linaondoka huku watu hawajui majibu yao. Kuna mtego mwingine ambao ni rahisi kuusahau. Mtu akikutwa na virusi, waliokaribiana naye walihesabiwa kuanzia siku mbili kabla ya dalili au kipimo hadi alipojitenga, kwa hiyo mazoezi ya jioni hiyo pamoja na safari ya kurudi viliingia kwenye hesabu. Heri mazoezi yalifanywa katika makundi madogo yasiyochanganyika. Aliyewahi kuugua naye aliandikwa pembeni: kipimo cha PCR kinaweza kuokota mabaki ya virusi vilivyokwisha kufa, ndiyo maana mtu aliyepona hakutakiwa kupimwa tena ndani ya siku 90 bila dalili mpya.

Mwili nao una madai yake. Kukimbia peke yako barabarani kunatunza pumzi, lakini hakufundishi misuli kufunga breki, kugeuka ghafla na kupiga mbio za kasi ukiwa umechoka. Misuli ya nyuma ya paja na ya nyonga ndiyo hukatika kwanza timu inaporudi haraka. Mchezaji wa muda wote hurejeshewa kasi yake kidogo kidogo kwa vipindi vitano kwa wiki. Mwenzake ana vipindi viwili, na anakuja navyo baada ya kubeba matofali mchana kutwa. Wiki nne za maandalizi zinampa yule wa kwanza vipindi 20, huyu wa pili 8. Kocha mwenye busara hakuzijaza jioni hizo mbili kwa mazoezi makali; alianza na mbio za asilimia 70 hadi 80 ya kasi, akaingiza mbio kamili chache kila wiki, na mazoezi ya kuimarisha paja akawapa wafanye nyumbani.

Aliyeugua alihitaji uangalifu zaidi, kwa sababu virusi hivi vinaweza kusababisha uvimbe katika msuli wa moyo. Mwongozo wa madaktari wa michezo wa Uingereza wa 2020 ulitaka siku 10 za mapumziko kamili, saba kati yake zikiwa hazina dalili. Kisha siku mbili za mazoezi mepesi yasiyozidi dakika 15, mapigo ya moyo yakiwa chini ya asilimia 70 ya kiwango cha juu. Kisha siku moja ya dakika 30, siku moja ya dakika 45 na siku mbili za dakika 60, mapigo yakiwa chini ya asilimia 80. Mazoezi ya kawaida hayakuruhusiwa kabla ya siku ya 17. Kwenye klabu kubwa kila hatua inasimamiwa na daktari. Kwenye klabu ya jioni mbili kwa wiki, hatua hizo mchezaji alizifuata peke yake baada ya zamu, na kumbe zamu yenyewe, kama ni ya kupanda ngazi na mizigo, tayari ilikuwa imezidi kipimo cha siku hiyo. Hilo lilipaswa kuulizwa kwanza: kazi yako ya mchana ikoje?

Sasa pesa. Klabu hizi zinaishi kwa viingilio vya mlangoni, baa ya klabu na wafadhili wadogo wa mtaani. Mechi bila mashabiki ni gharama tupu: waamuzi, umeme wa taa, mabasi, vipimo. Kwa hiyo klabu nyingine zilipoteza pesa zaidi kwa kucheza kuliko kwa kukaa. Serikali ya Uingereza ililipia asilimia 80 ya mishahara ya walioachishwa kazi kwa muda, isiyozidi pauni 2,500 kwa mwezi, lakini aliyelipwa hivyo hakuruhusiwa kumfanyia mwajiri kazi kwa saa hizo. Ukimwita mazoezini, umeanza kumlipa wewe. Na akitengwa kazini kwa sababu ya mazoezi yako, posho ya ugonjwa ya kisheria ilikuwa pauni 95.85 kwa wiki. Bosi wa mchana aliyempoteza fundi wake siku 14 alikuwa na haki ya kunung'unika.

England ilionyesha mambo yanavyoharibika. National League, yaani daraja la tano na la sita, ilianza Oktoba 2020 kwa ruzuku ya pauni milioni 10 kutoka bahati nasibu ya taifa, iliyotosha hadi Desemba. Baada ya hapo klabu ziliambiwa zikope. Februari 2021 ligi zake za daraja la sita, North na South, zikafutwa katikati ya msimu. Dover Athletic ya daraja la tano iligoma kucheza, ikatozwa faini ya pauni 40,000 na kunyang'anywa pointi 12 za msimu uliofuata. Marine, timu ya daraja la nane ambayo ligi yake ilikuwa imesimama, ilibahatika: ilipangiwa Tottenham kwenye Kombe la FA Januari 10, 2021, ikafungwa 5-0 bila mashabiki uwanjani, lakini iliuza zaidi ya tiketi 30,000 za mtandaoni kwa pauni 10 kila moja. Bahati kama hiyo haipangiwi bajeti.

Mwisho ni ratiba. League One na League Two zilipangiwa mechi 27, zikapunguzwa kuwa 22: kila timu kukutana na nyingine mara mbili, kisha ligi kugawanywa, tano za juu na tano za chini. Viporo vilipangwa katikati ya wiki. Mechi ya Jumanne inayoanza saa mbili kasorobo usiku, umbali wa saa tano, maana yake ni kuomba ruhusa kazini tangu mchana, kurudi alfajiri, na kuingia zamuni asubuhi. Mchezaji ana siku chache za likizo kwa mwaka, na familia yake nayo inazihitaji.

Chini zaidi, Highland League, ligi ya kanda ya kaskazini mwa Uskoti, haikuweza kumaliza. Brora Rangers ilitangazwa bingwa kwa wastani wa pointi ikiwa imecheza mechi 3 tu za ligi. Timu hiyohiyo, Machi 23, 2021, iliitoa Hearts, klabu kubwa ya Edinburgh, 2-1 kwenye Kombe la Uskoti. Katika mechi za mtoano wa kupanda daraja, Kelty Hearts, bingwa wa Lowland League, ligi ya kanda ya kusini, iliifunga Brora, kisha ikaifunga Brechin City. Brechin ilikuwa mkiani mwa League Two pia Aprili 2020, ligi ilipofungwa kwa kura ya klabu na mtoano haukuchezwa. Safari hii ulichezwa, na ikashuka.